Haki ya Kucheka Kazi ya Mtu

Msomaji, hapana shaka umepata kuketi mbele ya filamu, au kusikiliza wimbo mpya redioni, au kutazama mchezo wa televisheni, kisha ukasikia mtu aliye karibu nawe akitoa neno moja kali lililowavunja mbavu wote waliokuwapo. Pengine mtu huyo alikuwa wewe mwenyewe. Neno lile lilipokwisha kusemwa, kazi haikuonekana tena kama ilivyoonekana kwanza. Watu waliokuwa wakifuata hadithi waliacha kuifuata, wakawa wanangoja kosa jingine la kucheka. Jambo hili hutokea kila siku, na kwa hiyo twalidhani kuwa dogo. Walakini ndani yake mna swali la maadili ambalo nataka tulitazame pamoja. Je, mtu ana haki ya kuicheka kazi ya mwenzake? Na kama anayo, haki hiyo aipata wapi, na mpaka wake uko wapi?

Kabla ya kwenda mbele yafaa tupambanue maneno, maana lugha yetu ni tajiri katika mambo haya na watu huyachanganya. Mzaha ni maneno ya kufurahisha yasiyokusudia kumwumiza mtu. Kinaya ni kusema jambo hali unakusudia kinyume chake, kama mtu aliyeloweshwa na mvua akaishukuru kwa hisani yake. Kejeli ni kinaya kilichotiwa makali: mtu husifu ili alaumu, na sifa yake huuma kuliko lawama. Dhihaka ni kumfanya mtu mwenyewe, umbo lake au ukoo wake, kuwa kitu cha kuchekwa. Tusi halina haja ya kuelezwa. Maneno haya matano ni kama ngazi, na mtu huweza kushuka kipago kimoja baada ya kingine asijue kwamba anashuka. Insha hii ni juu ya kejeli, iliyoko katikati ya ngazi.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba mkejeli mkubwa wa sanaa aghalabu huwa ni mpenzi wake. Mtu asiyejali sinema hana la kusema juu yake. Akiulizwa, atapiga miayo. Asiyependa muziki hakasiriki wimbo ukiharibika. Kejeli iliyo kali kuliko zote hutoka kwa yule aliyetazama filamu mia mbili, ajuaye mianzo yake na miisho yake, na ambaye bado, baada ya kudanganywa mara nyingi, huketi mbele ya ile ya mia mbili na moja akitumaini kwamba hii itakuwa njema.

Mtu huyu ndiye aijuaye bunduki ya shujaa, ile ipigayo risasi arobaini bila kujazwa, ilhali bunduki za adui zake mia hutoboa kuta tu. Ndiye amjuaye bibi wa tamthilia ya televisheni, aliyelala hospitali miezi sita hana fahamu, akaamka ghafula nywele zimesukwa na midomo imepakwa rangi, na neno lake la kwanza likawa juu ya siri ya urithi. Amemzoea yule pacha asiyejulikana, ajitokezaye katika sehemu ya mia na ishirini, watungaji wakiwa wameishiwa na la kusema. Ajua kwamba polisi wa filamu hufika sikuzote baada ya vita kwisha, na kwamba magari mawili yakikimbizana mjini hapakosi meza ya matunda njiani ya kupinduliwa. Katika muziki amesikia nyimbo za mapenzi ambazo mwimbaji hujitaja jina lake mara nyingi kuliko jina la mpenzi wake. Na akisikiliza dansi ya Kongo huijua desturi ya mabanga, ambayo kwayo majina ya matajiri waliotoa fedha hupandwa ndani ya wimbo, hata mtu hushindwa kujua kama alia kwa mahaba au asoma orodha ya wadhamini.

Msomaji, kama umetabasamu, ni kwa sababu nawe umetazama na umesikiliza. Mtu ambaye hajapata kuona tamthilia hata moja asingeona la kucheka katika maneno yale. Hapo ndipo tunapoanza kuona haki ya mkejeli inatoka wapi. Ameinunua kwa saa alizokaa na kwa makini aliyoitoa. Kejeli yake ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Wako wasemao kwamba kucheka kazi ya mtu ni ukosefu wa adabu wakati wote. Siwezi kukubaliana nao. Mwenye kuitoa kazi yake hadharani ameikaribisha hukumu. Angetaka isihukumiwe, angeiweka sandukuni. Fauka ya hayo, mtazamaji ametoa fedha yake, na fedha ya mtu wa kawaida haipatikani kwa urahisi. Filamu mbaya iliyopambwa kwa matangazo makubwa imemtendea kama muuzaji aliyepanga maembe mazuri juu ya kapu na mabovu chini. Makampuni yatengenezayo filamu na muziki yana fedha za kununua mabango ya kujisifu. Mtazamaji hana bango, ana ulimi tu. Kejeli ni silaha ya mnyonge, na mara nyingi ndiyo pekee inayofika. Ukimwambia tajiri kwamba filamu yake ina kasoro hasikii. Watu wote wakiicheka, husikia.

Tena sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa kukejeli na wageni. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa, zama za Muyaka bin Haji, washairi walipigana kwa tungo kama vile askari wapiganavyo kwa silaha, na mashairi ya Muyaka mwenyewe yana mafumbo na vijembe ambavyo wataalamu wangali wanavifumbua hata leo. Lakini angalia sharti lililokuwa ndani ya desturi ile ya kujibizana. Aliyetaka kulicheka shairi la mwenzake ilimpasa ajibu kwa shairi, lenye mizani na vina. Kwa hiyo hakuweza kukejeli bila kufanya kazi. Alipomaliza, wasikilizaji walikuwa na mashairi mawili mahali palipokuwa na moja, na mkejeli naye alikuwa amejiweka mahali pa kukejeliwa.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Nimekwisha kumpa mkejeli haki yake. Sasa ni zamu ya kumpa mtunzi haki yake, na hapa historia inatuonya kwamba kicheko si kipimo cha kweli. Tarehe 29 Mei mwaka 1913, katika mji wa Paris, Ufaransa, mtunzi wa muziki aitwaye Igor Stravinsky alitoa kwa mara ya kwanza kazi yake iitwayo Le Sacre du printemps, muziki wa kuchezwa na wachezaji wa jukwaani. Sauti za mwanzo tu zilipotoka watu wengine walianza kucheka. Kicheko kiligeuka kuwa makelele, na makelele yakazidi hata wachezaji hawakuweza kusikia ala vizuri. Yasimuliwa kwamba Nijinsky, aliyeutunga mchezo ule, alisimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwapigia hesabu ya hatua kwa ukelele. Hata mwaka haujatimia, mwezi Aprili mwaka 1914, muziki ule ule ulipigwa tena katika mji ule ule, na safari hii mtunzi alibebwa mabegani kwa shangwe. Muziki haukubadilika hata sauti moja. Masikio ndiyo yaliyobadilika. Wale waliocheka siku ya kwanza hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wapenzi wa muziki. Walichokosa ni subira ya kusikiliza kitu ambacho hawajakizoea, nao walidhani kwamba ugeni ni ubovu.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alipokuwa kijana alitembeza vyungu kuviuza. Alipohamia mjini na kuanza kuimba, sifa yake ilivuka bahari. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, naye huhesabiwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili kusikika kwa njia hiyo. Watu waliomwonea wivu walitunga maneno ya kumkejeli. Je, walisema kwamba sauti yake ilikuwa mbaya? Hawakuthubutu, maana kila mwenye masikio angewakanusha. Walicheka ufukara aliotoka nao na sura aliyoumbwa nayo. Siti aliwajibu kwa wimbo, na hoja ya wimbo wake ilikuwa kwamba akili ya mtu yapita sura na nasaba. Siti alifariki mwaka 1950, naye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Majina ya waliomcheka si wengi wayajuao leo.

Mifano hii miwili ina makosa mawili yaliyo mbalimbali. Watu wa Paris walicheka kazi kabla hawajaielewa. Watu waliomcheka Siti waliiacha kazi wakamcheka mtu. Kosa la kwanza ni la haraka, na dawa yake ni subira. La pili ni la moyo, nalo ni zito zaidi, kwa sababu mtu aweza kurekebisha wimbo wake lakini hawezi kurekebisha nasaba yake.

Usidhani kwamba mambo haya yalikwisha zamani. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, kuna tuzo ziitwazo Razzies, zilizoanzishwa mwaka 1981 na John J. B. Wilson, mpenzi wa sinema, sebuleni kwake. Tuzo nyingine hutolewa kwa kazi bora. Hizi hutolewa kwa kazi mbovu kuliko zote za mwaka. Ni kejeli iliyogeuzwa kuwa sherehe, na kwa miaka mingi watu wengi waliipenda, maana iliwacheka watu wenye fedha na fahari. Mwaka 2010 mwigizaji Sandra Bullock alipewa tuzo hiyo kwa filamu iitwayo All About Steve. Waigizaji wengi hawaendi kuichukua. Yeye alikwenda, tena alikwenda na kigari kilichojaa nakala za filamu ile, akawagawia waliokuwapo, akawaomba waitazame kwa kweli kabla ya kuamua. Siku iliyofuata alipewa tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu nyingine. Tafakari, msomaji, jinsi jibu lake lilivyokuwa na adabu na lilivyochoma. Hakuwaambia kwamba hawana haki ya kucheka. Aliwauliza tu kama walikuwa wameitazama.

Mwaka 2022 wenye tuzo zile waliona mchezo mpya wa kuchezea. Mwigizaji Bruce Willis alikuwa ameonekana katika filamu nane za mwaka 2021, nyingi zikiwa dhaifu, naye alicheza ndani yake kama mtu aliyechoka. Wakamtengea tuzo peke yake, wakazishindanisha filamu zake nane ili ijulikane ipi ilikuwa mbovu zaidi. Watu walicheka. Siku chache baada ya tuzo kutolewa, jamaa zake walitangaza kwamba alikuwa na maradhi ya afasia, yanayomwondolea mtu uwezo wa kusema na kufahamu maneno, na kwamba angeacha uigizaji. Kile kilichodhaniwa kuwa uvivu kilikuwa ugonjwa. Tuzo ikafutwa. Mwaka uliofuata walimweka katika orodha ya kuchekwa msichana mwenye umri wa miaka 12 tu. Watu wakakasirika, jina likaondolewa, na ikatungwa kanuni kwamba asitajwe tena mtu aliye chini ya miaka 18. Mwisho wake wenye tuzo wakajipa tuzo ile wao wenyewe.

Nawapa sifa kwa kufuta walichokosea na kwa kujicheka hadharani, maana si wengi wawezao. Hata hivyo somo ni zito. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wapenzi wa sinema wenye uhodari wa maneno. Lakini walikuwa wamezoea kucheka kila mwaka, kwa tarehe yake, na mazoea yakawa mabwana. Mtu alazimikaye kupata kitu cha kucheka ifikapo siku fulani hatakosa kukipata. Na akikosa kwa watu wakubwa, atakipata kwa mgonjwa na kwa mtoto.

Sasa nataka umtazame mkejeli wa namna nyingine. Roger Ebert alikuwa mhakiki wa filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu mwaka 1967 mpaka alipofariki mwaka 2013, na mwaka 1975 alikuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kupewa tuzo ya Pulitzer. Alikuwa na ulimi mkali. Aliwahi kukusanya hakiki zake za filamu alizozichukia akazifanya kitabu, kisha akakusanya nyingine zikawa kitabu cha pili. Mwaka 2005 mchekeshaji Rob Schneider alimkebehi mhakiki mmoja kwa kuwa hajapata kupewa Pulitzer. Ebert akaandika kwamba yeye anayo, na kwa cheo hicho atangaza kwamba filamu ya Schneider ni mbovu. Watu wakacheka sana, na mtu angedhani kwamba wawili hawa wamekuwa maadui wa maisha.

Mwaka 2006 Ebert, aliyekuwa akiugua saratani, alipasuliwa, na tangu hapo hakuweza kusema kwa sauti. Alipokuwa katika maradhi yake aliletewa shada la maua, na aliyelituma alikuwa Rob Schneider, aliyejitia sahihi kama mwigizaji asiyependwa na Ebert kuliko wote. Ebert aliandika habari hiyo mwenyewe mwaka 2007, akasema kwa maana kwamba huenda mtu yule alitengeneza filamu mbaya, lakini yeye si mtu mbaya. Hakuigeuza hukumu yake juu ya filamu. Filamu iliendelea kuwa mbovu. Lakini angalia: kejeli yake ilikuwa imeipiga kazi peke yake, nayo iliacha mlango wazi ambao maua yaliweza kupitia. Jiulize, kama Ebert angalimcheka Schneider kwa umbo lake au kwa wazazi wake, je, maua yale yangalifika?

Kuna mfano mwingine ulio jirani yetu, nao ni wa furaha. Katika vibanda vya sinema vya Uganda kumekuwa na desturi ya mtu kukaa na kipaza sauti, akiwafasiria watazamaji filamu ya kigeni na kutia maneno yake ya mzaha na kejeli, humwita VJ. Yeye humsimanga shujaa, humwonya bibi aliye hatarini, huwacheka wabaya, na watazamaji hucheka pamoja naye wala hawaachi kufuata hadithi. Mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana. Bunduki zake zilikuwa vyuma chakavu na vipande vya mti, na milipuko ilitengenezwa kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Filamu kama hiyo ingekuwa karamu kwa mkejeli yeyote. Lakini Nabwana aliwatangulia wakejeli wote: nakala ijulikanayo na ulimwengu ina sauti ya VJ Emmie ndani yake, akiicheka filamu na kuisifu kwa pumzi moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Filamu ikapendwa mpaka Ulaya na Marekani, na hata leo watu huitazama wakicheka. Wanacheka pamoja na walioitengeneza, maana waliitengeneza wakicheka. Hapo kejeli imekaa mahali pake, kama chumvi ndani ya chakula. Atakaye kuila chumvi peke yake shauri lake.

Mpaka hapa nimesema juu ya madhara kwa achekwaye. Sasa nataka niseme juu ya madhara kwa achekaye, maana hayo hayatajwi sana. Kejeli huzaliwa na upendo, nimekwisha kusema; lakini mara nyingine huzaliwa na woga, na kwa nje aina hizi mbili hufanana kama maji na maji. Kijana atazama filamu pamoja na wenzake. Mama wa hadithi afiwa na mwanawe, na kijana yule aona koo lake linabana na macho yanalowa. Aogopa kwamba wenzake watamwona. Basi atoa neno la kejeli juu ya machozi ya mwigizaji, wote wacheka, naye ameokoka. Kesho atafanya vile vile, na kesho kutwa. Baada ya miaka michache hatakuwa na haja ya kuficha machozi, kwa sababu hayatakuja. Atakuwa mtu wa kuchekesha sana, na kila filamu, kila wimbo na kila kitabu kitapita mbele yake kama abiria wapitavyo mbele ya mtu aliyelala kituoni.

Mtu huyo amejidhulumu. Sanaa ilikuja kumpa kitu akakataa kunyosha mkono, kwa kuogopa kwamba wenzake watamwona akipokea. Na ajabu ni kwamba wenzake nao pengine walikuwa wakificha machozi yale yale. Watu kumi wamekaa pamoja, kila mmoja amecheka kwa sababu aliwaogopa tisa.

Nanyi wanafunzi mwalijua jambo hili kuliko mimi, maana shule ndipo mahali linapotenda kazi kwa nguvu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na tangu zamani shule zetu zimekuwa zikipanda jukwaani kushindana kwa nyimbo, ngoma na mashairi, na kwa michezo ya kuigiza katika tamasha lake. Katika ukumbi kama ule kuna wahukumu wawili. Wa kwanza ni mwamuzi aketiye mezani na kalamu yake. Yeye husikiliza mpaka mwisho, huandika, kisha husimama akasema mbele ya wote: hapa sauti za chini zilichelewa, hapa maneno hayakusikika, hapa mlifanya vema. Hasemi uongo wa kufurahisha, na wengine hurudi nyumbani wakilia. Hata hivyo mwaka ujao hurudi wakiwa na sauti bora. Wa pili ni yule mtu wa safu ya nyuma, aliyeguna mwimbaji alipopotewa na sauti ya juu, akaigiza kosa lile mabwenini kwa muda wa juma zima. Huenda kosa walilolisikia ni moja. Lakini mwaka ujao yule mwimbaji hapandi jukwaani, wala wengine watatu ambao hawajapanda bado, waliosikia kicheko wakaamua kukaa kimya.

Hao watatu ndio wanaonisikitisha zaidi, maana hasara yao haionekani. Wimbo ulioimbwa vibaya twaweza kuusikia na kuusahihisha. Wimbo ambao haukuimbwa kwa hofu hautausahihisha mtu yeyote. Hatujui ni washairi wangapi wamo katika madarasa yetu wenye daftari chini ya godoro, wanaongoja siku ambayo wenzao watakuwa wamechoka kucheka.

Basi tufanye nini? Nadhani mtu atakaye kukejeli yampasa ajiulize maswali manne. Kwanza, je, nimeitazama kazi hii mpaka mwisho, nikaipa nafasi ya kunionyesha inachotaka? Asiyelipa makini hana haki ya kicheko, kama vile asiyelipa nauli hana haki ya kiti. Pili, je, nacheka jambo ambalo mtunzi angeweza kulifanya vizuri zaidi, au nacheka umbo, umri, maradhi au ukoo wake? Tatu, je, nimchekaye ana nguvu ya kusimama? Kampuni kubwa iliyotumia mamilioni yaweza kustahimili kejeli yangu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye shairi lake la kwanza pengine hawezi. Nne, je, niko tayari kusifu kwa sauti ile ile? Mpenzi wa sanaa wa kweli akutanapo na kazi njema hufurahi mbele za watu, wala haoni haya. Akishindwa kufanya hivyo, basi kejeli zake zote za nyuma zatiliwa shaka. Huenda hazikuwa za upendo hata kidogo.

Mtu aweza kunipinga akasema kwamba masharti haya yataua kicheko, maana kicheko huja ghafula wala hakingoji maswali manne. Hoja hii ina kweli ndani yake. Hakuna awezaye kukizuia kicheko kilichomponyoka, wala simlaumu mtu kwa kicheko cha namna hiyo. Nalaumu cha pili na cha tatu: neno linalorudiwa kesho yake likiwa limenolewa, linalopelekwa kwa watu ambao hawakuwapo, kwa sababu msemaji amegundua kwamba laweza kumpatia sifa. Hapo hapana ghafula tena. Pana shauri, na penye shauri pana hesabu ya haki na dhuluma. Tena washairi wa zamani walikuwa na masharti mazito kuliko haya yangu, ya mizani na vina, na kejeli zao zingali hai. Sharti halikuwaua, liliwanoa.

Basi cheka, msomaji. Icheke bunduki isiyokwisha risasi, mcheke pacha wa sehemu ya mia na ishirini, wacheke matajiri walionunua mahali ndani ya wimbo wa mapenzi. Mambo hayo yastahili kuchekwa, na nchi ambayo watu wake hawawezi kuyacheka ingekuwa nchi ya huzuni. Lakini siku mwenzako wa darasani atakapofungua daftari lake na kukusomea alichoandika, msikilize kwanza mpaka mwisho, kisha umwambie kweli.